Bushi ya Upande wa Kushoto

Mwaka 1980 nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hapo ndipo shida ilipoanza. Sisemi kwamba kabla ya hapo tulikuwa na raha. Nasema kabla ya hapo ukitaka sabuni ulikwenda dukani ukanunua. Baada ya hapo ulikwenda dukani, ukamsalimia mwenye duka, mkatazama rafu tupu pamoja, ukarudi nyumbani. Shati moja la maana tulikuwa nalo mimi na kaka yangu, na tulilivaa kwa zamu. Akienda kanisani yeye, mimi nilisalia nyumbani nikisali kifua wazi.

Mwezi uliopita nimefunga gereji yangu hapa Same. Nimefunga kwa sababu ya mgongo, si kwa kushindwa. Vijana wa gereji za jirani wakaja kuniaga, wakasema, "Mzee, tuandikie ulivyofanya kazi." Basi naandika. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetafuta nukta na mkato aende kwa walimu. Anayetaka kujua kwa nini gari linakwenda kombo abaki hapa. Vyeo sitavitaja, sikuwa navyo. Mshahara pia.

Mwaka ule wa shida nilishuka kutoka kwetu milimani kwa miguu hadi shamba moja la mkonge huku bondeni. Nilikata mkonge siku nne. Siku ya tano lori la shamba likagoma mbele yangu, na chini yake ikatokeza miguu miwili myeusi kwa grisi. Sauti ikasema, "Wewe unayesimama, nipe spana kumi na nne." Nikampa. Miguu ikatulia kidogo, halafu sauti ikasema, "Kesho usiende kukata. Njoo hapa." Watu walidhani nina kipaji. Ile spana ilikuwa imeandikwa namba, na namba nilikuwa naijua. Ndicho kipaji chenyewe.

Yule alikuwa Mzee Rusimbi. Alitoka Kigoma zamani za manamba, vibarua walioletwa kukata mkonge, akasahau kurudi, au ndivyo alivyotuambia. Alinifundisha mambo matatu, na kwa hayo matatu nimelea watoto sita.

La kwanza: usimuulize mtu gari lake lina nini. Hajui. Angejua angekuja kufanya nini kwako? Muulize linafanya wapi. Kwenye kona au kwenye mnyooko? Likipanda au likishuka? Likiwa tupu au na mzigo? Ukishajua linafanya wapi, umeshajua nusu.

La pili: kama huwezi kukiona chuma kikitembea, kifanye kiandike. Unafunga kipande cha waya kwenye kile unachokishuku, ncha ya waya unaielekeza kwenye chesisi, yaani mifupa ya gari, na pale kwenye chesisi unapaka chokaa. Endesha, simama, ingia chini. Chuma kikitembea, waya umekwaruza chokaa, na urefu wa mkwaruzo ndio urefu wa ugonjwa.

La tatu ni bushi. Kwa wasio mafundi, bushi ni kipande cha mpira kinachokaa kati ya chuma na chuma ili visigongane. Kidogo tu, kinajaa kiganjani, lakini kikifa gari zima linageuka mlevi. Miaka ile bushi ya dukani hukuipata Same, wala Moshi. Ukiagiza Dar es Salaam, jibu lilikuwa lile lile la sabuni. Mzee Rusimbi alikwenda korona, yaani kwenye mashine za kukamua mkonge, akachukua mikanda iliyochakaa. Mkanda wa korona ni mpira na turubai, tabaka juu ya tabaka, mgumu kuliko kisigino. Tuliukata duara kwa kisu kilicholowekwa kwenye maji ya sabuni, ikiwepo, tukatoboa katikati kwa bomba lililonolewa, tukabana. Malori ya shamba yalitembea hivyo, na mabasi yaliyopita njia kuu yakaanza kusimama. Mtu anatoka Lembeni huko, anauliza, "Yuko wapi fundi wa bushi za mkanda?" Tulikuwa wawili, Mzee Rusimbi na mimi.

Siku hizi nawasikia mkicheka mambo hayo. Chekeni. Lakini baba zenu walifika hospitali, watahiniwa walifika shuleni, na kahawa ilishuka milimani, juu ya mikanda ya mkonge. Hakuna aliyewaletea bushi kwenye bahasha. Kilichokuwepo ndicho kilichotumika, na aliyekitumia hana sababu ya kuona haya.

Mwaka 1987 mashine za shamba zilisimama. Mzee Rusimbi akakumbuka kwao ghafla, akafunga mzigo. Hakuwa na cha kunipa ila kisu chake na mkanda mmoja uliozungushwa kama mkeka. Nikaja Same mjini, nikafungua gereji chini ya mabati manne.

Halafu milango ya nchi ikafunguliwa. Kwa ghafla kila kitu kikawepo isipokuwa fedha. Yakaja magari ya mtumba kutoka Japani, na mwaka 1993 kanisa moja la huko juu, kijiji sitakitaja, likapata vani nyeupe kwa ajili ya zahanati yake. Tangu mwanzo ilikuwa nzee. Lakini ilivuta magurudumu yote manne, na kwa barabara ya kule, mawe na utelezi na kona zilizokaa juu ya mashamba ya watu, hiyo ilikuwa neema. Dereva alikuwa Zefania, aliyenizidi umri miaka mitano, mtu wa maneno machache aliyefuta vioo hata siku za mvua.

Vani ilifika kwangu bushi za mbele zimekufa. Kwenye vani ile kuna fimbo mbili za chuma, moja kila upande, zinazoshika gurudumu la mbele lisirudi nyuma. Mwisho wa kila fimbo kuna bushi, imefunikwa na kisahani cha chuma pande zote mbili. Spea yake haikuwepo popote, na zahanati ilikuwa na wagonjwa wa kushusha. Nikachukua mkanda wa Mzee Rusimbi, nikakata, nikabana. Vani ikatembea miaka miwili bila kunung'unika.

Mwaka wa pili ule Zefania akaanza kunung'unika yeye. "Linanivuta," akasema. Likapelekwa gereji nyingine, wakabadili breki. Likavuta. Wakabadili breki tena. Hiyo ni dawa ya fundi mvivu: gari likivuta kwenye breki, yeye anaona breki tu. Siwasemi wao peke yao, subirini.

Siku moja Zefania anashuka na mama mjamzito na muuguzi wa zahanati, Mama Nakunda. Kwenye kona moja vani ikaiacha barabara, ikaingia kwenye migomba ya mtu. Mama mjamzito hakuumia, namshukuru Mungu, na mtoto alizaliwa salama. Mama Nakunda alivunjika mkono. Na kwa kuwa siku iliyotangulia kulikuwa na harusi kijijini, na kwenye harusi za kwetu dengelua, pombe ya miwa, haikosekani, kijiji kizima kikawa kimeshapata jibu: Zefania alikuwa bado hajalevuka.

Vani ikaletwa kwangu. Akaja nayo katibu wa kamati ya zahanati, Mwalimu Kiondo, mstaafu, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Akasema, "Fundi Mrutu, kamati inataka kujua jambo moja. Gari ni zima au bovu?"

Nikanyoosha bodi. Nikapima upepo wa tairi, nikatazama kama tairi zote ni saizi moja, maana gari la kuvuta manne ukilivisha saizi mbili linapigana lenyewe. Nikalinyanyua kwa jeki, nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa: beringi nzima, bol-joint nzima. Nikashika kushoto na kulia: tairodi nzima. Shokapu nzima. Bushi nilizitazama kwa tochi, visahani vimekaa vizuri, nati zimebana. Nikaliendesha kwenye lami, nikakanyaga breki mara kumi. Limenyooka kama rula.

"Zima," nikasema. Mwalimu akaandika, nikatia sahihi. Sahihi yangu ni nzuri, nimeifanyia mazoezi.

Siku mbili baadaye Zefania akashuka Same kwa miguu.

"Shikamoo, kaka Zefania."

Hakuitikia. Kwetu mkubwa asipoitikia shikamoo yako, ujue umefanya jambo. Akakaa juu ya tairi bovu.

"Umesema gari ni zima."

"Nimelijaribu. Breki mara kumi."

"Wapi?"

"Hapa, njia kuu."

"Tupu?"

"Tupu."

"Tambarare?"

"Ndiyo."

"Mimi nimeanguka tambarare?"

Kitu cha kwanza nilichofundishwa chini ya lori la mkonge, uliza linafanya wapi, nilikuwa nimekiruka. Nilimuuliza nani? Nilimuuliza Mwalimu, aliyekuwa amekaa nyumbani.

"Jumapili baada ya ibada wananifukuza," akasema. "Kazi, sawa. Lakini wanangu wataitwa watoto wa mlevi mpaka wazeeke. Na karatasi wanayoishika ni yako."

"Ulikunywa?"

"Nilikula pilau nikalala. Mke wangu kasema, dada yangu kasema. Wewe ukasema gari zima, wote wakawa waongo."

Vani ilikuwa bado kwangu, na Mwalimu alikuwa amemkataza Zefania asiguse usukani ule. Nikachukua ufunguo nikampa. Tukapakia magunia ya mchanga, sita, uzito wa wagonjwa na ndugu zao, maana mgonjwa wa kwetu hasafiri peke yake. Nikafunga waya kwenye kila fimbo, nikapaka chokaa, tukapanda.

Lilipanda kama mbuzi. Juu kabisa nikaingia chini. Chokaa kulia imekwaruzwa kidogo, kushoto kidogo. Nikapaka upya. Tukageuza.

Kwenye ile kona, migomba iliyovunjika bado imelala, Zefania akakanyaga breki taratibu, na usukani ukageuka wenyewe mikononi mwake, kushoto. Nimeuona kwa macho. Alikuwa ameukamata kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika ndama, na bado ukamzidi. Tukasimama gurudumu moja likiwa kwenye majani.

Nikaingia chini. Upande wa kulia mkwaruzo ulikuwa kama punje ya mchele. Upande wa kushoto ulikuwa mrefu kama pingili ya kidole gumba changu. Sikusoma sana, lakini mstari ule niliusoma.

Sababu nawaeleza, ishikeni. Gari la manne likipanda, magurudumu ya mbele nayo yanavuta, fimbo inavutwa kwenda mbele, bushi inabanwa uso mmoja. Likishuka na breki na mzigo, gurudumu linasukumwa nyuma, bushi inabanwa uso wa pili. Uso huo wa pili wa bushi ya kushoto ulikuwa umekufa. Kwa hiyo breki ikikanyagwa, gurudumu la kushoto linarudi nyuma, la kulia linabaki, na gari linageukia kushoto. Kwenye lami, tupu, halina nguvu ya kuonyesha. Kwenye jeki ndiyo kabisa.

Nikafungua nati pale pale kando ya barabara. Kisahani kilipotoka, bushi ikafunguka mkononi kama daftari lililolowa, tabaka hili, tabaka hili, turubai limekuwa vumbi. Bomba la moshi la vani ile linapita upande wa kushoto, karibu na bushi. Lilikuwa limeichoma kidogo kidogo kwa miaka miwili. Malori ya mkonge hayakuwa na bomba pale. Sikuwa nimewaza.

Zefania aliinama akaitazama.

"Hii si ya dukani."

"Siyo."

"Kaikata nani?"

Ndugu zangu, pale barabarani tulikuwa wawili, na mmoja tayari anaitwa mlevi. Ningeweza kuitupa kwenye migomba. Ningeweza kusema boli imelegea, au Mjapani kakosea. Gereji yote ilisimama juu ya jina la bushi zile.

"Mimi," nikasema.

Akafuta kioo.

Jumapili nilivaa shati langu mwenyewe, nikapanda na vani, kipande cha muda kikiwa mahali pa bushi. Kamati ilikaa ofisini kwenye zahanati, wazee saba, Mama Nakunda na mkono wake umefungwa shingoni, Zefania kwenye benchi la ukutani. Mwalimu Kiondo akaanza kusoma karatasi yangu. Nikasimama.

"Mwalimu, hiyo karatasi ni ya uongo."

"Ina sahihi yako, fundi."

"Sahihi ni ya kweli. Maneno ndiyo ya uongo. Nilisema kabla ya kujua."

Nikaiweka bushi mezani. Ikajifungua yenyewe, vumbi likaangukia karatasi zake. Nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, kupanda, kushuka, waya, chokaa. Mzee mmoja akauliza, "Sasa hiyo takataka aliiweka nani?"

"Mimi. Nimeikata kwa mkono huu."

Mwalimu akavua miwani. "Kwa hiyo unatuambia wagonjwa wetu miaka miwili wanashushwa kwa kandambili?"

Wakacheka. Nikawaacha wamalize.

"Mwalimu, lori lililokuleta na bibi harusi wako kutoka Gonja, mwaka ule wa njaa ya vipuri, lilikuwa na kandambili zangu nane. Ulifika umeoa. Hukuuliza."

Sasa wakacheka kwa upande wangu, isipokuwa Mwalimu.

"Sikuja kuomba radhi kwa mkanda," nikasema. "Mkanda uliwabeba wote humu ndani wakati hakuna aliyekuwa na kingine. Kosa langu ni kuuweka karibu na moto, na kosa la pili ni kutia sahihi bila kupanda mlima. Hayo mawili ni yangu, yaandikeni. La ulevi lifuteni. Mrudishieni Zefania ufunguo."

"Fundi wa darasa la nne anatuamuru," Mwalimu akasema.

"La nne, ndiyo. Panda vani na mimi sasa hivi na bushi hiyo iliyochanika, tushuke mpaka kwenye migomba. Wewe wa chuo uendeshe."

Hakuna aliyetaka. Ndipo Mama Nakunda akasema kutoka pembeni, taratibu, "Nilikaa karibu naye kama nilivyokaa karibu na ukuta huu. Niliwaambia hanuki pombe. Mkasema mwanamke anamtetea. Mkono uliovunjika ni wangu, na mimi nasema apewe ufunguo."

Akapewa. Mwalimu aliusukuma juu ya meza kwa kalamu, kana kwamba una grisi. Ulikuwa na grisi kweli, yangu.

Wakati natoka nilimwambia Zefania, "Samahani, kaka." Huyo ndiye pekee niliyemwomba. Akapita. Kazi ya vani walinipokonya siku hiyo hiyo, wakaipeleka Moshi, kwenye gereji yenye kibao. Bushi za dukani zikatafutwa wiki tatu, zikapatikana. Sikulalamika.

Niliporudi Same niliichukua ile bushi iliyochanika, nikaitundika kwenye msumari mlangoni. Wateja waliuliza, nikawaambia yote. Wapo waliogeuza gari hapo hapo. Wengine wakasema, "Basi nitengenezee, lakini mbali na bomba," nikawatengenezea. Mkanda niliendelea kuukata kwa matela na majembe ya ng'ombe mpaka ulipokwisha, na hakuna tela lililorudi kunilaumu. Lakini gari lolote lililokuja na neno "linavuta", sikulipa jibu kabla sijapanda nalo mlima likiwa na mzigo, hata la mkubwa wa wilaya. Mmoja aliniuliza ananilipa kwa kazi au kwa kutembezwa. Nikamwambia, lipia kazi, na magunia ya mchanga utayapakia mwenyewe.

Zefania hakuitikia shikamoo yangu mwaka mzima na miezi. Kila nilipomwona stendi nilimpa, naye alitazama vioo vya vani. Sikuacha. Ni yake kwa umri, si kwa urafiki. Siku moja ya soko, nimeshika mafungu mawili ya tangawizi, nikasema "Shikamoo, kaka Zefania" kama mtu anavyopiga chafya ikija, nikapita. Nyuma yangu nikasikia, "Marahaba. Bushi ya nyuma inalia." Akaingiza vani gerejini kwangu bila ruhusa ya kamati. Tangu siku hiyo aliingia kila mara, na kamati ikajifanya haioni, mpaka vani ilipochoka wakaiuza kwa mnada.

Leo ninacho hiki. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Kiwanja cha gereji, mabati kumi na mbili, nimewakodishia vijana wawili wanaonibishia kila siku. Ng'ombe mmoja wa maziwa. Migomba na tangawizi kidogo kwetu milimani. Jeki mbili, moja inavuja. Seti ya spana, imepungukiwa na namba kumi na nne, aliyeichukua airudishe. Kisu cha Mzee Rusimbi. Mashati sita, yote yangu. Bushi moja ya mkanda, iliyochanika, kwenye msumari. Na vani moja nyeupe, niliyoinunua kwenye mnada ule, ya kuvuta magurudumu manne, mpira wa dukani pande zote mbili, inashuka mlima imenyooka. Ufunguo wake anao Zefania.